Mahari, Kitanda na Deni la Chuo



Mwezi uliopita alitujia biharusi dukani pamoja na mama yake mdogo. Ni mwalimu, kijana, mpole. Alitaka gauni jeupe la nikaha, lesi kifuani, shanga mikononi na mkia wa kuburura. Tukampima, tukampigia hesabu ya kitambaa, lesi, shanga na ufundi, ikafika 420,000. Akaangalia chini. Mama yake mdogo akaanza kutuomba tupunguze, kama ilivyo kawaida ya mama wadogo wote, lakini yeye akamkatisha na kusema kwa sauti ndogo, "Dada zangu, mimi nakatwa."

Hakusema nani anamkata wala kwa nini, na hakuhitaji kusema. Tulitazamana tu sisi wawili, maana neno hilo tumelala nalo na kuamka nalo nyumbani kwetu.

Kwa wasiotujua, sisi ni ndugu wa mama mmoja baba mmoja, tumepita thalathini, na kazi yetu ni kushona nguo za maharusi. Sote tuliishia sekondari, tukasoma kozi ya ushoni, tukaanza na cherehani moja ya miguu barazani kwa Mama. Chuo kikuu hatukukanyaga. Ila tumekilipia.

Aliyekwenda chuo ni mdogo wetu. Alifaulu kidato cha sita mwaka 2015, akapata nafasi chuo kimoja Dar es Salaam. Siku ile Mama alipika pilau kwa furaha na hakuuliza habari ya pesa hata mara moja. Msimlaumu. Yeye ni mtoto wa baada ya Mapinduzi, wa ile elimu bure iliyotangazwa Zanzibar Septemba 1964, na kwa watu wa umri wake kusoma ni kupeleka mtoto skuli na kumuombea dua. Kuchangia gharama za chuo kikuu nchini kwetu ni jambo lililoingia miaka ya tisini, na mikopo ya wanafunzi ikaanza 1994. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuja na sheria ya 2004, na huku visiwani tukapata bodi yetu wenyewe mwaka 2011. Yote hayo yalipita juu ya kichwa cha Mama. Aliyajua siku tulipoweka fomu mbele yake, akaambiwa kuna pahala panataka sahihi ya mdhamini.

"Mdhamini wa nini?" akauliza.

Tukamwambia wa deni. Akaikunja ile fomu akaiweka chini ya mto.

Baba keshatangulia mbele ya haki, Mama anauza maandazi, na ada ilikuwa 1,300,000 kwa mwaka kabla hujala wala hujalala. Tulikaa siku tatu bila kuizungumza. Siku ya nne fomu ikatoka chini ya mto wenyewe. Tukaipeleka kwa sheha, tukahakikisha cheti cha kuzaliwa, na mmoja wetu akatia sahihi pahala pa mdhamini. Tunasema mmoja wetu, lakini deni lingetufika sote wawili, maana kijungu chetu ni kimoja.

Mkopo ulipotoka ulikuwa na sehemu zake. Ada walimpa asilimia 60. Pesa ya chakula na malazi, ile wanayoiita bumu, ilikuwa 8,500 kwa siku kwa zile siku za masomo. Na kidogo ya vitabu. Ukisikia hivyo unaona mambo yamekwisha, lakini hapo ndipo mzazi au ndugu anapoanza kulipa. Asilimia 40 ya ada iliyobaki, 520,000 kila mwaka, ilikuwa yetu. Nauli ya boti ya kwenda na kurudi, yetu. Kompyuta, yetu. Godoro, ndoo, jiko, na bumu likichelewa, chakula cha wiki tatu, vyote vyetu. Mwaka wa kwanza tulicheza mchezo wa wanawake kumi, 20,000 kwa wiki, tukaomba tupewe sisi mwanzo. Mwaka wa pili tukauza cherehani ya ovaloku. Aliyewahi kushona anajua maana yake. Bila ovaloku kila pindo unalimaliza kwa sindano ya mkono au unapeleka kwa fundi mwengine na kumlipa. Tulikesha miezi kumi na nne tukishona pindo kwa mkono, na Mama alikuwa akituletea chai ya tangawizi saa saba za usiku bila kusema neno.

Halafu likaja lile la asilimia 6. Wakati huo kila deni la chuo lilikuwa likiongezewa asilimia 6 kwa mwaka, wakisema ni ya kulinda thamani ya pesa. Mdogo wetu alitutajia tu katika mazungumzo, yuko likizo, anachambua mchele. Mama akasimama. "Hiyo si riba hiyo?"

Wapenzi, sisi ni mafundi wa nguo, fatwa si kazi yetu, na kwa hilo waulizeni wanazuoni. Tunaweza kuwaambia lililotokea nyumbani tu. Mama alitaka mtoto aache chuo. Alisema marehemu baba yetu hakula riba na watoto wake hawatailisha. Mdogo wetu alilia, akasema akiacha sasa atarudi na deni la mwaka mmoja na nusu na bila cheti chochote cha kulilipia. Na kweli, hilo ndilo baya la deni la chuo, ukishaingia hata kutoka kuna bei. Tulimwendea ustadhi anayetusomesha darasa la Jumamosi. Alitusikiliza kwa muda mrefu, hakutukaripia, akasema mambo mawili: kwamba dhamana imeshatiwa na mkataba una watu wake, na kwamba mwenye kudaiwa ajibidiishe kulipa mapema ili mwaka usimkute. Mama hakuridhika, lakini alinyamaza. Tangu siku ile akawa anamuombea mtoto wake kila baada ya swala, asife na lile deni shingoni. Kila mtu anaijua hadithi ya maiti aliyeletwa, Mtume (SAW) akauliza kama ana deni, akaambiwa analo, akasita kumsalia mpaka sahaba mmoja alipojitwika kulilipa. Mama aliisikia akiwa mdogo madrasa, na haikumtoka.

Alimaliza 2018. Kisha akakaa nyumbani miaka mitatu. Alikuwa akitusaidia dukani kutia shanga, shahada yake imo ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati. Sheria inampa mhitimu miezi 24 kabla ya kuanza kulipa, na wakati ule aliyepitiliza alikuwa akitiwa adhabu ya asilimia 10. Miezi 24 ikapita hana kazi. Hakutaka hata kulitazama deni. Simu ikilia na namba asiyoijua alikuwa akiigeuza uso chini.

Sikukuu ya wafanyakazi, Mei Mosi ya 2021, redio ilikuwa inasema peke yake dukani. Tulikuwa ndani ya Ramadhani, tunashona nguo za Idi, hatuna hata muda wa kunyanyua kichwa. Rais Samia alikuwa anahutubia kutoka Mwanza, akasema ile asilimia 6 inaondolewa. Mama alikuwa amekaa mlangoni na tasbihi. Akapiga kelele, "Zimeni mashine! Zimeni!" Tukazima. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akashuka chini pale pale kwenye vipande vya vitambaa, akasujudu. Mwaka huo huo na ile adhabu ya asilimia 10 ikafutwa. Tunajua wapo waliolipa miaka mingi kabla ya hapo na wana machungu yao, na wana haki nayo. Lakini kwetu siku ile Mama alilala usiku mzima.

Mwisho wa mwaka ule akapata kazi katika skuli moja ya binafsi, mshahara 450,000. Sheria tangu 2016 inamtaka mwajiri akate asilimia 15. Kwa mshahara wake ni 67,500 kila mwezi. Jumla ya deni ilikuwa milioni tisa na elfu sitini. Tulikaa naye usiku tukagawa kwa karatasi ya kukatia mitindo, ikatoka miezi 134. Miaka kumi na moja na ushei, kama mshahara hautopanda. Akacheka, akasema, "Nitamaliza nikiwa na mtoto wa darasa la nne." Wakati huo hakuwa na mchumba.

Mchumba akaja mwaka wa pili yake. Kijana wa watu, anaswali, anafanya kazi ofisini. Ami yetu ndiye walii. Tulipomwambia kwamba kabla ya kukubali posa kijana aelezwe habari ya deni, alikasirika. Akasema deni la mwanamke halitajwi kwenye posa, mume hamuoi mtu kwa ajili ya mshahara wake, na mke hana wajibu wa kulisha nyumba. Kwa sheria ya dini amesema kweli, matumizi ni ya mume. Lakini sisi tuko dukani, tunaona yanayotokea baada ya fungate. Tunaona maharusi wanaorudi kutia kiraka gauni la kazini huku wakitueleza kwamba mume hakujua, na sasa kila mwisho wa mwezi anaulizwa, "Hizi nyengine zimekwenda wapi?" Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mume akitaka mkewe aache kazi akae nyumbani au afungue kibiashara, deni haliachi kazi pamoja naye. Aliyejiajiri kiwango cha chini alichowekewa ni 100,000 kwa mwezi, zaidi ya alichokuwa akikatwa mdogo wetu skulini. Hilo mtu alijue kabla ya kusema "nimekubali", au alijue lini?

Mwisho mdogo wetu alimwambia mwenyewe, mbele ya Mama, mlango wazi. Alitaja yote, milioni ngapi na miezi mingapi. Kijana akanyamaza, kisha akauliza, "Wewe umeanza na ngapi? Mimi nilianza na kumi na moja." Na yeye anakatwa! Mama alishika kichwa. Nyumba moja, makato mawili. Lakini wao wenyewe walicheka mpaka machozi, na pale ndipo sisi tulipompenda shemeji yetu.

Shida haikutoka kwa mume. Ilitoka kwetu.

Mahari ilikubaliwa milioni mbili taslimu. Mdogo wetu akasema anataka yote ayapeleke kwenye deni. Mama akasema haiwezekani. Mnajua wenyewe desturi yetu: mahari inaingia kwenye kitanda, kabati, meza ya vipodozi, na mama wa biharusi anaongeza vyombo, na siku ya kupeleka vitu wanawake wa upande wa pili wanapita chumbani kuhesabu foronya. "Watu watasema nini? Mwanangu aende na godoro tupu?" Mdogo wetu akajibu kwa adabu kwamba mahari ni haki yake yeye peke yake, Mwenyezi Mungu amempa yeye, si Mama, si ami, si seremala. Hilo halina ubishi, na tulijua halina. Tukakaa kimya, lakini kimya chetu hakikuwa safi.

Maana sisi tulikuwa na daftari.

Tuliinunua ile daftari mwaka 2015, ya kurasa mia, tukaandika kila senti iliyokwenda kwake. Ada, boti, kompyuta, ovaloku. Ilikuwa imefika 3,450,000. Hatukumwambia kamwe. Hatukumwambia kwamba ni zawadi, wala hatukumwambia kwamba ni deni. Tuliandika tu, usiku, wakati mwengine kwa hasira. Aliposema mahari yote iende kwenye bodi, mmoja wetu akasimama akaitoa daftari kwenye droo ya vifungo akaitupa mezani. "Na sisi je? Sisi si watu tunaodai?"

Hatutowaambia ni yupi kati yetu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi sisi kuwa wawili badala ya mmoja. Mwengine alitaka ardhi impasukie kwa haya.

Mdogo wetu aliifungua akasoma ukurasa kwa ukurasa. Alipofika ule ukurasa wa ovaloku akakifunika uso kwa ushungi. Hakuwa akijua kama iliuzwa kwa ajili yake. Tulimwambia imeharibika.

Jumamosi ile tulikwenda kwa ustadhi na daftari yenyewe. Akaipekua, akatabasamu kidogo. Akatukumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Surat Al-Baqara, ni ya kuandika deni, kwa hiyo kuandika si kosa. Kisha akauliza, "Nani aliyesomesha maandishi haya?" Hatukumuelewa. Akatueleza kwamba katika aya ile anayetaja kilichoandikwa ni yule mwenye kudaiwa, aseme mwenyewe kwa ulimi wake kwamba ninadaiwa kadhaa, na mashahidi wawepo. Sisi tuliandika peke yetu gizani, na aliyeandikiwa hakujua. Akasema hilo si deni, na bado hamjalitoa likawa sadaka, basi mnalifanya nini kwenye droo?

Tulirudi nyumbani kwa miguu ingawa daladala zilikuwepo.

Tulichofanya si kikubwa. Tulimkalisha mdogo wetu, tukamwambia yale ya chakula, godoro na nauli ni haki ya ndugu kwa ndugu, hatudai duniani wala akhera. Tukakata mstari. Ovaloku tuliacha aseme mwenyewe. Akasema, "Hiyo ninadaiwa. Andikeni." Laki saba. Mama na shangazi wakawa mashahidi. Atalipa elfu ishirini kwa mwezi, akipata kazi bora ataongeza. Na mahari aliigawa yeye mwenyewe: milioni moja na nusu ilikwenda kulipa deni la chuo, laki tano akanunua kitanda cha mbao kisicho na nakshi. Ile milioni na nusu peke yake iliondoa miezi ishirini na mbili. Tulimhesabia tena kwenye karatasi ya mitindo, akaibandika ukutani.

Wanawake walipita chumbani wakahesabu foronya. Zilikuwa nne. Yaliyosemwa yalisemwa.

Maharusi wapenzi, kabla hatujasahau, angalieni hati zenu za mshahara. Skuli ile ya mwanzo ilimkata mdogo wetu miezi minne na pesa haikufika kunakohusika. Aligundua kwa sababu alifungua taarifa ya deni lake akalinganisha mwezi kwa mwezi. Ilimchukua barua tatu na safari nyingi mpaka ikapelekwa. Kukatwa si kulipa mpaka uione imeingia. Na kama mnakaribia kuolewa na hamjui mnadaiwa kiasi gani, jueni wiki hii, hata kama moyo unaenda mbio. Kwenye makundi manane ya wanaostahiki zaka wamo na wenye madeni. Tunalitaja hili kwa dada zetu wenye uwezo wanaotuuliza kila Ramadhani zaka zao wazipeleke wapi. Muulizeni shekhe wenu, kisha mtazame karibu, pengine yupo mwalimu wa mtoto wenu.

Na sisi mafundi tuna letu la kukiri. Miaka yote tulikuwa tukiwashonea maharusi kwa kianzio kidogo, "utamalizia baada ya harusi," tukijua fika kwamba baada ya harusi hakuna kitu. Tulikuwa tukiliita jambo la wema. Lilikuwa ni kuuza magauni.

Kwa hiyo yule biharusi anayekatwa tulimkalisha, tukamtilia chai. Tukamuuliza anazo ngapi mkononi, hasa hasa. Akasema laki mbili na elfu thelathini. Tukaondoa mkia, ambao kusema kweli hukanyagwa ukaraurarua kabla ya saa nne za usiku. Tukaondoa shanga za mikononi tukaziacha kola tu. Lesi tukaitoa kwenye kipande kilichobaki cha biharusi wa mwaka jana, ni nzuri na hakuna atakayejua, isipokuwa sasa nyinyi. Ikafika 250,000. Ile elfu ishirini aliyopungukiwa aliitaja mwenyewe kwa ulimi wake, mama yake mdogo akasikia, tukaandika tarehe ya kulipa, na yeye akatia sahihi chini yake.

Jumamosi anakuja kujaribu. Kiuno tumemuachia nafasi kidogo, wali wa harusini ni mwingi.